Mpishi Akae Mstari wa Mbele: Namna ya Kuanzisha Klabu ya Mashindano ya Kula Chuoni

Mashindano yangu ya kwanza ya kula niliyaandaa nikiwa mwaka wa pili, na yalikuwa aibu tupu. Tulinunua mandazi mia moja kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza nyuma ya hosteli, tukapanga washindani kumi, kila mmoja na mandazi yake kumi, bila chai. Kipyenga kikalia. Dakika ya tatu mmoja alikuwa anatapika mtaroni, wawili wamekimbilia bomba, na vipande vimetapakaa sakafuni vinakanyagwa. Watu walicheka, si haba. Yule mama naye alikuwepo, amekuja kuona wanawe wanavyoyafurahia mandazi yake. Aliinua ndoo yake akasema, "Wanangu, pesa yangu mmenipa, sina neno. Ila mngeniambia yanakwenda kufanywa hivi, ningewauzia ya jana."

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja tu. Kabla hujapitisha mchezo wowote, mweke mpishi wa chakula hicho mstari wa mbele, hata kama ni kwa kufikiria. Akicheka pamoja nanyi, endelea. Akiinamisha uso, futa. Yote ninayokueleza hapa chini yametoka kwenye kipimo hicho.

Jua kwanza unaanzisha nini

Kwetu kumwita mtu mlafi ni kumtukana, na kuchezea chakula ni kufuru. Bibi yako hahitaji shahada kukueleza hilo. Lakini kwetu pia utani ni sehemu ya maisha. Nenda kwenye bonanza lolote la Mei Mosi au la Pasaka: baada ya kuvuta kamba na kukimbia na magunia, italetwa meza ya kunywa soda au kula mkate, na hapo ndipo hata waliokuwa wamelala chini ya mwembe wanaposogea. Klabu yako ina kazi ya kuchukua kicheko cha meza ile bila kuchukua kufuru yake.

Kumbuka kwamba kinachovuta watu ni sura ya mtu kuliko ukubwa wa tumbo lake. Mhadhiri msaidizi mwenye tai anayepambana na kipande cha tikiti maji mikono ikiwa nyuma anachekesha kuliko jitu linalomaliza sahani sita za wali. Ndiyo maana klabu nzuri ni ile ambayo mtu mwembamba kuliko wote darasani anaweza kuibuka bingwa. Ukiona michezo yako yote inashindwa na mtu yuleyule mwenye mwili mkubwa, basi hiyo si klabu tena.

Jifunze kwa waliotangulia

Mashindano ya kula yanayojulikana zaidi duniani hufanyika kila tarehe 4 Julai huko Coney Island, New York. Mwaka 2001 Mjapani Takeru Kobayashi alikula pale soseji 50 na mikate yake kwa dakika 12, karibu mara mbili ya rekodi iliyokuwepo. Mwaka 2021 Joey Chestnut alifikisha 76 kwa dakika 10. Watazame kwenye simu, ushangae, kisha uachane nao. Wale ni watu wa kazi hiyo, matumbo yao yamefundishwa kwa miaka, na wahudumu wa afya wanasimama pembeni.

Mfano wa kuiga upo Raleigh, kwenye chuo kikuu cha North Carolina State. Mwaka 2004 wanafunzi wachache walitaniana hivi: tukimbie kutoka chuoni hadi duka la donati la Krispy Kreme, kila mmoja ale donati 12, kisha turudi mbio, yote ndani ya saa moja. Njia nzima, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 8. Utani ule ukageuka mbio za kila mwaka zinazoendeshwa na wanafunzi wenyewe, zikavuta maelfu ya watu, na zimechangia hospitali ya watoto zaidi ya dola milioni moja. Chukua mambo mawili hapo. Jambo la kwanza ni kwamba anayetaka kukimbia bila kumaliza donati anaruhusiwa, wala hakuna anayemzomea. La pili, kichekesho kina mtu kinayemsaidia.

Mfano mwingine ni Wigan, Uingereza, ambako hushindana kula pai za nyama tangu mwaka 1992. Zamani alishinda aliyekula pai nyingi. Mwaka 2006 wakabadili: kila mtu pai moja tu, anashinda atakayeimaliza kwanza. Shindano halikufa. Nako Dorset, Uingereza hukohuko, wakulima wawili walibishana mwaka 1986 nani ana magugu marefu zaidi, haya yanayowasha kama upupu. Mmoja akaapa kwamba likitokea refu kuliko lake atalila. Ubishi huo ukazaa mashindano ya kula majani yale, na mshindi hupatikana kwa kupima urefu wa mabua aliyoyapukutisha. Chanzo ni ubishi wa kipuuzi, lakini shindano lina kipimo kinachoeleweka. Klabu haihitaji zaidi ya hapo.

Jina, vyeo na mlezi

Kusanya watu wasiopungua saba au wanane. Wawili wawe wacheshi, wawili wawe wanaojua kupika, mmoja awe mbahili wa kuaminika. Huyo ndiye mweka hazina. Chagueni jina lenye utani lakini linalosomeka mbele ya mshauri wa wanafunzi bila kikohozi: Umoja wa Walaji Polepole, Chama cha Mifupa Safi, Klabu ya Tonge la Mwisho. Vyeo navyo vichezeeni: Mwenyekiti wa Meza, Katibu wa Kijiko, Waziri wa Makombo. Huyo wa mwisho usimdharau, kazi yake utaiona mbele.

Andikeni katiba ya kurasa mbili. Itaje lengo, uanachama, namna ya kushika fedha, na sheria za usalama. Ipelekeni kwa serikali ya wanafunzi na kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mkiwa na jina la mlezi. Mtafuteni mlezi anayependa kula na anayejua kucheka, ikiwezekana kutoka idara ya lishe, uuguzi au sayansi ya chakula kama chuo chenu kinayo. Msimfiche kitu. Mlezi aliyeambiwa "tutakuwa na kikao cha chakula" kisha akakuta watu wamefungwa vitambaa usoni wanalishana mtindi, hatasaini barua ya pili.

Michezo mitano ya kuanzia

Nimeipanga kutoka rahisi hadi ngumu. Utaona kasi karibu haimo. "Haraka haraka haina baraka" tumeisikia hadi tumeichoka, lakini mezani ni kanuni ya uhai.

*Ganda moja.* Kila mshindani anapewa chungwa na kisu kidogo. Anamenya mzunguko kwa mzunguko, kama wauza machungwa wa stendi, bila ganda kukatika. Ganda refu kuliko yote, kwa futi ya fundi cherehani, linashinda. Kisha kila mtu anakula chungwa lake kwa raha zake.

*Barafu ya ubuyu.* Hapa mshindi ni wa mwisho kumaliza. Kila mtu anashika barafu yake juani. Tone moja likianguka chini, ametoka. Ukilamba sana inaisha, ukijibana inachuruzika. Nimeona watu wazima wakijadiliana na barafu kama wanavyojadiliana na mwenye nyumba.

*Tikiti bila mikono.* Kata vipande vya uzito mmoja, pima kwa mizani mbele ya watu. Mikono nyuma, dakika tatu. Muda ukiisha, pimeni maganda: jepesi zaidi linashinda. Hakuna haja ya kumeza kwa pupa, maana anayetafuna vizuri hadi kwenye weupe ndiye anayefika mbali.

*Ukila na kipofu.* Wanacheza wawili wawili, wote wamefungwa vitambaa machoni, kila mmoja anamlisha mwenzake kikombe kimoja cha mtindi kwa kijiko kidogo. Methali inasema ukila na kipofu usimguse mkono. Hapa anayegusa mkono wa mwenzake anakatwa pointi. Waandalieni kanga za kujifunika na maji ya kunawa. Mchezo huu ni wa waliokubaliana wenyewe kuwa pamoja, usimpangie mtu mwenza.

*Mifupa safi.* Hili ndilo pambano kuu. Kila mshindani anapewa samaki mmoja wa kukaanga, sato kwa walio karibu na ziwa, kibua kwa watu wa pwani. Muda ni dakika 20, na kumaliza mapema hakuna nyongeza. Majaji wanaangalia mifupa: nusu ya alama ni kwa mifupa kubaki imeungana kutoka kichwa hadi mkia, nusu ni kwa kutoacha nyama. Utagundua kuna watu wamelelewa kwenye shule ya samaki tangu wana miaka minne. Mtu akikutana na mwiba, anaruhusiwa kusimama na kuutoa bila kupoteza alama.

Ukitaka wa sita, fanya wa kuonja: vikombe vinne vya chai, kimoja cha iliki, kimoja cha mdalasini, kimoja cha tangawizi, kimoja cha karafuu, macho yamefungwa. Ni rahisi kwa maneno, lakini subiri uone majibu.

Vilivyopigwa marufuku

Mandazi makavu, chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, mishkaki na matonge ya ugali visiingie kwenye mashindano ya kasi kabisa. Vyote hivyo hukwama kooni. Mwaka 2017, huko Connecticut, Marekani, mwanafunzi wa miaka 20 alisakamwa katika shindano la chuoni la kula chapati laini za maji, akafariki siku chache baadaye. Shindano lenyewe lilikuwa la hisani. Nia njema haifungui koo.

Msishindanishe watu kunywa maji. Maji mengi kwa muda mfupi hushusha chumvi ya damu hadi ubongo kuvimba. Januari 2007 redio moja ya California iliandaa shindano la kunywa maji bila kwenda haja, na mama mmoja wa miaka 28 akafa siku hiyohiyo. Pilipili kali mziache pia; moto wake hauzimwi na maji, na mwenye vidonda vya tumbo au pumu anaweza kuishia hospitalini. Pombe msiiongelee hata kwa utani. Na mwaka wa kwanza asilazimishwe kula chochote kwa jina la kumkaribisha.

Kiasi nacho kina mpaka: jumla ya anachokula mshindani mmoja siku nzima ya mashindano isizidi sahani moja ya kawaida. Ukizidisha hapo umerudi kwenye mandazi yangu mia moja.

Kupaliwa na kusakamwa

Maneno haya mawili kila mwanakamati ayajue kwa vitendo. Aliyepaliwa anakohoa kwa nguvu, macho yanatoka machozi, lakini hewa inapita. Huyo mwache akohoe, mhimize tu, usimpe maji, usimpige mgongo. Aliyesakamwa ananyamaza. Hawezi kukohoa, kusema wala kupumua, na mara nyingi anashika koo. Ukimya ndio dalili ya hatari, na kwenye ukumbi wenye kelele ni rahisi kuupita.

Kwa aliyesakamwa, mwinamishe mbele, mpige mara tano kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, kisha vuta ndani na juu kwa nguvu mara tano. Rudia tano kwa tano hadi kitoke. Kwa mjamzito au mtu mnene usiyeweza kumzungushia mikono tumboni, bonyeza katikati ya kifua badala ya tumbo. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Akizimia, mlaze chali, anza kubonyeza kifua, huku mwenzako akikimbilia zahanati ya chuo.

Usijifunze haya siku ya shindano. Waombe watu wa Msalaba Mwekundu au wanafunzi wa uuguzi wawafundishe wiki moja kabla. Siku yenyewe, kila washindani wanne wawe na mtazamaji mmoja asiyekula, asiyepiga picha wala kucheka sana. Macho yake yako kwenye koo za watu tu. Gari la dharura lijulikane ni la nani, na funguo zake ziko kwa nani.

Watazamaji wale kwanza

Chuoni kuna wiki ambazo boom, yaani fedha ya kujikimu, limekata na watu wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja saa kumi jioni uunganishe mchana na usiku. Ukiweka meza ya samaki mbele ya watu wa namna hiyo na kuwaambia wapige makofi, umewakosea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwandaaji ni lazima amjue. Kwa hiyo gawa bajeti ya chakula sehemu mbili sawa: nusu ya mezani, nusu ya watazamaji, na watazamaji wahudumiwe kabla ya kipyenga. Si lazima kiwe kikubwa. Sufuria ya makande na matikiti matatu ya kilo tano tano, yakikatwa vipande 16 kila moja, yanatuliza umati wa watu 40.

Kiingilio kiwe kidogo na kipokewe kwa namna mbili, fedha au kitu: sabuni, sukari, taulo za kike. Chagueni mapema vitakwenda wapi, wodi ya watoto ya hospitali ya jirani au wenzenu wa hapohapo chuoni waliokwama, na mpeleke wiki hiyohiyo. Mweka hazina aweke hesabu kwenye kundi la WhatsApp usiku uleule, picha za risiti zote, hata ya viberiti. Klabu nyingi za wanafunzi hufa kwa sababu ya elfu tano isiyo na maelezo.

Siku yenyewe

Usichague kipindi cha mitihani ya mwisho wa muhula (UE) wala wiki ya majaribio. Ijumaa mchana kuna swala, Jumamosi Wasabato wako kanisani, na Ramadhani haifai kabisa. Jumapili alasiri mara nyingi ndiyo salama. Nyama ikiwepo, ichinjwe kihalali na watu waambiwe. Msimlazimishe mtu kula kwa mkono wa kushoto ili kuchekesha wengine. Wakati wa kujiandikisha, kila mtu aulizwe kwa faragha kuhusu mizio, kisukari, pumu na vidonda vya tumbo, na akisita, mpe kazi ya ujaji badala ya kumbembeleza.

Msipime uzito wa mtu yeyote, msitangaze mwili wa mtu yeyote. "Bonge" si jina la jukwaani. Kuna watu wana ugomvi wa siri na chakula, na kicheko cha ukumbi mzima kinaweza kuwaumiza kwa muda mrefu. Picha na video ziruhusiwe kwa idhini ya anayepigwa tu. Tikiti usoni leo ni kichekesho, lakini kesho mwajiri naye ana simu.

Halafu mtafute mtangazaji. Nusu ya tamasha iko mdomoni mwake. Asitangaze chakula, atangaze mpira: "Anaingia na kijiko, anamtoka maharage wa kwanza, anamtoka wa pili, oooh, kimemwagika kifuani! Refa anaangalia, anasema endeleeni!" Wagaweni washindani kwa utani uliopo tayari: Simba na Yanga, uhandisi na sheria, bweni la juu na bweni la chini. Zawadi iwe ya kuchekesha kuliko ya thamani, mwiko mkubwa wenye majina ya mabingwa uliochongwa na fundi wa mtaani unatosha kuanzisha uhasama wa miaka.

Yote yasizidi saa mbili. Michezo mitatu inatosha kwa mara ya kwanza; hiyo mingine itakuwa sababu ya watu kurudi.

Makombo yana waziri

Kipyenga cha mwisho kikilia, Waziri wa Makombo anaanza kazi. Chakula ambacho hakijaguswa kinafungwa na kupewa walinzi na wafanya usafi, kwa heshima, kikiwa bado cha moto, kabla kamati haijajipakulia. Maganda ya matunda yapelekwe kwa mfugaji au shambani. Ukumbi upigwe deki. Mkiacha ukumbi msafi kuliko mlivyoukuta, barua ya pili itasainiwa bila maswali.

Sisi tulihitaji muhula mzima kupata uso wa kurudi kwa yule mama. Tulimkuta ndooni pake, tukamwomba radhi, tukamwomba pia awe jaji mkuu wa Mifupa Safi. Alituuliza maswali mengi kuliko mshauri wa wanafunzi: samaki ni wangapi, nani anakaanga, watazamaji watakula nini. Siku ilipofika alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge cha kutokea. Alipitia sahani moja moja, akageuza mifupa kwa uma kama daktari, akasimama mbele ya msichana mwembamba asiyesema sana. Mifupa yake ilikuwa kama imechorwa. "Huyu," akasema, "kwao hawakutupa kitu."

Ukumbi ukalipuka. Na hapo ndipo tulipoiona ndoo yake chini ya kiti, ambayo hakuna aliyekuwa amemwagiza. Aliifunua akaanza kugawa, mmoja mmoja, kuanzia nyuma. Mandazi yalikuwa ya moto.